Deni la Vipindi 204

Katika pasipoti yangu, kwenye ukurasa wenye viza ya Marekani, kuna maneno machache ya Kiingereza yaliyochapwa kwa herufi ndogo. Yanasema kwamba mwenye pasipoti hii anabanwa na sheria ya miaka miwili. Maana yake ni kuwa, ufadhili ukishamalizika, sharti nikae nchini kwetu jumla ya miaka miwili kabla ya kuweza kupata viza ya kazi au ukaazi wa kudumu kule. Miaka miwili ni siku 730. Nimekuwa nikizihesabu, si kwa sababu nina haraka ya kuondoka, bali kwa sababu hilo ndilo deni pekee maishani mwangu ambalo najua kiasi chake na najua siku litakapokwisha. Leo zimebaki siku 118.

Madeni yangu mengine hayana hesabu iliyonyooka namna hiyo. Kuna lile nililoliandika mwenyewe kwenye fomu ya maombi, nilipoahidi kwamba nitarudi kuitumikia jamii yangu. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hawakutuambia ni deni la nani. Deni huhitaji watu wawili, anayedaiwa na anayedai. Kwamba mimi nadaiwa, silibishi. Kwa muda mrefu nilichokuwa sikijui ni nani anayenidai, na nadhani wengi tuliopita njia hii hatukijui, ndiyo maana tunaishia kusema "taifa langu" na kunyamaza.

*

Nilikuwa na miaka 24, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari wilayani Lushoto. Kidato cha Pili kilikuwa na wanafunzi 94 katika chumba kimoja, na vipindi vyangu kwao vilikuwa sita kwa wiki. Fomu ya maombi niliijaza katika ofisi ya walimu, jioni baada ya masomo, ukungu ukiwa umeshuka hadi madirishani kama kawaida ya Usambara. Ufadhili wenyewe ni ule wa Fulbright kwa walimu vijana wa lugha: miezi tisa katika chuo cha Marekani, unasaidia kufundisha lugha yako, unasoma kozi kadhaa, kisha unarudi bila shahada yoyote.

Fomu iliuliza nimefanya nini kuibadili jamii yangu. Nikaandika kwamba nilianzisha klabu ya kusoma. Nikaeleza jinsi wanafunzi wanavyokutana kila Alhamisi wakiwa na magazeti ya zamani na vitabu vichache vilivyochakaa, jinsi mtoto aliyekuwa hawezi kusoma aya moja ya Kiingereza alivyofika mahali pa kusimama na kuwasomea wenzake. Yote yalikuwa kweli isipokuwa neno moja: nilianzisha. Klabu ilianzishwa na mwalimu wa Jiografia, ambaye shule nzima inamwita Madam, kana kwamba hakuna Madam mwingine. Vitabu alivinunua yeye kwa wauza mitumba ya vitabu kila alipokwenda Tanga. Mimi nilijiunga mwezi wa tatu, kwa sababu nilikuwa kijana na sikuwa na familia ya kuwahi nyumbani.

Alisoma andiko langu akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikajua amefika kwenye neno lile maana alinyamaza. Nikaanza kujitetea kwamba fomu inataka mtu mmoja aliyefanya jambo, haina nafasi ya kuandika "sisi". Akanikatiza: "Andika tu hivyo hivyo, Ticha. Wakikuchukua wewe wametuchukua sote."

Yeye hakuweza kuomba. Programu ilitaka walimu wa lugha, na ilitaka vijana chini ya miaka 30. Madam alikuwa na 34 na alifundisha Jiografia.

Nimeitafakari sana ruhusa ile. Je, mtu akikuruhusu kuchukua jina lake, umeiba? Mwizi huchukua bila idhini, nami idhini nilipewa. Lakini idhini ya Madam ilikuwa na sharti ndani yake, lile neno "sote". Hakunipa klabu iwe yangu. Aliniazima, kama jirani anavyokuazima koti uendalo nalo kwenye usaili. Nami nilivaa koti, nikapita usaili, nikapanda nalo ndege.

*

Mtu aliyezoea milima ya Usambara akifika Kansas huona kana kwamba nchi imepigwa pasi. Nilipangiwa chuo kimoja huko, nikawa na darasa la wanafunzi kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Wiki ya kwanza nilijua majina yao yote na nikaona aibu, kwa sababu wale 94 sikuwahi kuwajua wote kwa majina.

Nilikaa nyumba moja na mwenzangu kutoka Kenya aliyekuwa kwenye programu kama yangu. Usiku mmoja wa Novemba, tukipika ugali wa unga wa mahindi ulionunuliwa duka la Wamexico, nilimwuliza kama anahisi kudaiwa. Akashangaa. "Nidaiwe na nani? Nilijaza fomu, nikashindana, nikashinda. Mshindi hadaiwi, ndugu yangu." Nilitafuta la kumjibu nikakosa. Baadaye kitandani ndipo lilinijia: huenda kwake ni kweli. Pengine andiko lake halikuwa na neno la kuazima. Hoja yake ilihitaji ushindi uwe wa mtu mmoja, na wangu haukuwa.

Lakini hata ungekuwa wangu peke yangu, bado kulikuwa na aliyetoa fedha. Ukitaka kumlipa mtoaji, lazima umjue, na nilivyozidi kumtafuta ndivyo alivyozidi kurudi nyuma. Programu ilizaliwa kwa sheria iliyotiwa saini Agosti 1946, ikigharamiwa kwa kuuza mali za jeshi la Marekani zilizobaki ng'ambo baada ya vita. Mwenye wazo alikuwa J. William Fulbright, seneta wa Arkansas, ambaye naye ujanani alisoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Na utajiri wa Cecil Rhodes ulitoka kwenye almasi za Kimberley, Afrika Kusini, zilizochimbwa na watu weusi waliofungiwa kwenye kambi za migodi. Fulbright huyohuyo, mwaka 1956, alitia saini tamko la wanasiasa wa kusini waliopinga watoto weusi kusoma shule moja na weupe. Kwa hiyo mtu aliyefungua mlango nilioingilia mimi ndiye aliyetaka kuufunga mwingine usiingiwe na mtoto wa Arkansas mwenye rangi kama yangu.

Siyasemi haya ili nipate kisingizio cha kutolipa. Fadhila ya punda ni mateke, na sitaki kuwa punda. Ninachosema ni kwamba ukilifuata deni hili upande wa mtoaji hutafika mwisho. Ukipita kwa Fulbright unamkuta Rhodes, ukipita kwa Rhodes unawakuta wachimbaji wa Kimberley, na wale hakuna aliyewauliza kama wanatoa ufadhili.

*

Kuna Jumamosi mhadhiri mmoja alinichukua kwa gari hadi Atchison, mji mdogo juu ya mto Missouri. Nilikuwa nimemwomba. Wangari Maathai alisoma pale, katika chuo cha masista kilichoitwa Mount St. Scholastica, nikataka kuona mahali msichana wa Nyeri alipojifunza baridi.

Alifika Marekani mwaka 1960, mmoja wa mamia ya vijana waliosafirishwa katika mpango aliouanzisha Tom Mboya. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Michango iliombwa kwa majina ya watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani nako familia na vijiji vilichanga. Maathai alipata shahada ya biolojia mwaka 1964, ya uzamili huko Pittsburgh mwaka 1966, akarudi Nairobi akiwa na ahadi ya kazi chuoni. Aliporipoti akaambiwa kazi amepewa mtu mwingine.

Hilo ndilo nililolifikiria nikiwa nimesimama juu ya ule mto. Tunapowahubiria vijana kwamba ahadi ya kurudi ni deni, huwa tunahesabu upande mmoja tu wa daftari. Yeye alitimiza yake, nyumbani hawakutimiza yao. Kama angegeuza siku ile na kupanda ndege, ni nani angekuwa na haki ya kumwita msaliti?

Hakugeuka, na sote tunajua kilichofuata: miti, vipigo, Nobeli ya mwaka 2004. Lakini naona hatari kumtumia yeye kama mfano wa mtu aliyelipa. Ukisema deni la ufadhili hulipwa kwa kuwa Wangari Maathai, umesema halilipiki, na mtu mwenye deni lisilolipika huacha hata kujaribu. Nimewaona wenzangu wa namna hiyo. Kwa kuwa hawawezi kuibadili Afrika, hawajibu hata simu ya mwalimu wao wa zamani.

*

Nikiwa huko nilikumbuka mfano alioutumia Mwalimu Nyerere miaka ya mwanzo ya uhuru. Alisema aliyepewa nafasi ya kusoma ni kama mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine chakula. Akila kisha asirudi na msaada, huyo ni msaliti.

Ni mfano mkali, na kwa miaka mingi niliupokea bila kuuhoji. Nikiuangalia sasa naona una nguvu mahali pamoja na udhaifu mahali pengine. Nguvu yake ni kwamba unakuonyesha kuwa nafasi yako ina gharama, na gharama hiyo imelipwa na walio na njaa. Hakuna anayesoma bure. Udhaifu wake ni lile neno kijiji. Nani hasa katika kijiji alitoa sahani yake? Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Muda uliotakiwa, kwa bahati ya ajabu, ulikuwa miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa mshahara uliokatwa. Mwalimu aliwafukuza zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kitendo kile cha pili ndicho kinachonigusa. Alielewa kwamba huwezi kumdai mtu kwa niaba ya wenye njaa huku sahani yako imejaa.

Sheria iliyo kwenye pasipoti yangu hainidai kwa niaba ya mwenye njaa yeyote. Inanitaka niwepo nchini tu. Naweza kuzimaliza siku zote 730 nikiwa nimelala kwenye kochi la shangazi yangu Kimara na hakuna atakayenigusa. Miaka miwili ya 1966 na miaka miwili ya viza yangu zote zinafanya kosa moja, zinapima mwili wa mtu ulipo na kuita hilo kutumikia.

*

Nilirudi mwishoni mwa Mei. Mizigo niliyoruhusiwa ilikuwa masanduku mawili ya kilo 23, na moja nililijaza vitabu, 31 kwa jumla, vya watoto na vya vijana, vingi nilivinunua kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa senti chache kila kimoja. Nilivipeleka Lushoto nikiwa najiona mtu. Madam alivipokea, akavipanga kwenye kabati ya chuma na kuandika orodha. Akanishukuru sana. Kisha akasema ana kipindi, akaondoka.

Nilibaki ofisini. Juu ya meza kulikuwa na majarida ya darasa, yale ambayo kila mwalimu hutia saini akimaliza kipindi. Nikafungua la Kidato cha Pili. Kwenye mistari ya Kiingereza, tangu Agosti nilipoondoka, kulikuwa na saini moja tu, ya Madam. Sikuwa nimejiuliza hata mara moja ni nani anafundisha vipindi vyangu. Nilidhani shule imepata mtu. Shule haikupata mtu. Mwalimu wa Jiografia alibeba Kiingereza cha wanafunzi 94 juu ya vipindi vyake, bila malipo ya ziada, miezi yote ile ambayo mimi nilikuwa nawafundisha wanafunzi kumi na mmoja kusema "hujambo".

Nilizihesabu saini zake kwa kidole. Zilikuwa 204.

Jioni nilimkuta kwenye ngazi za darasa la mwisho akisubiri mvua ikatike. Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kuhusu neno lile kwenye fomu, kwamba lilinisumbua huko nilikokuwa. Akacheka. "Hilo nilikuruhusu mwenyewe." Nikamwuliza kwa nini hakuniandikia kwamba amebeba vipindi vyangu. Akafikiri kidogo, akasema, "Mimi sikukutuma Marekani, Ticha. Nilikupisha tu." Halafu, huku akitazama mvua: "Lakini nilichoka."

Katika mfano wa Mwalimu, kijiji humtuma mtu. Aliyetumwa anarudi kutoa ripoti. Lakini wengi wetu hatukutumwa na yeyote, tulipishwa. Kila anayekwenda huko nje, kuna mtu aliyejibana ukutani ili yeye apite: dada aliyebaki na mama mgonjwa, mdogo aliyeahirisha chuo, mwalimu aliyebeba vipindi. Aliyekupisha hakudai ripoti. Hata ukisahau, hatakufuata. Ndiyo maana ni rahisi kumruka na kwenda kulipa deni kwa taifa, ambalo halina uso, halichoki, na halitakuambia kamwe kwamba ulicholeta hakitoshi.

*

Nilifundisha pale miezi michache, kisha nikapata nafasi ya uzamili Dar es Salaam, nikaondoka tena. Shule ikaajiri mwalimu mpya wa Kiingereza. Mwaka jana mwezi wa saba Madam alinipigia simu. Anasoma Chuo Kikuu Huria, na mitihani yake ilikuwa imekaribia, naye hakuwa na wiki hata moja ya kujiandaa. "Wewe uko likizo," alisema. "Sasa nipishe na mimi."

Nilikwenda. Mkuu wa shule alikubali. Kwa wiki tatu nilifundisha Jiografia, somo nililoliacha Kidato cha Nne. Nilichora mistari ya kontua ubaoni usiku wa kuamkia kipindi ili kesho nisiaibike. Nilisahihisha madaftari mpaka macho yakauma. Vilikuwa vipindi 18 kwa wiki, kwa hiyo 54. Ukitoa kwenye 204, bado nadaiwa 150.

Najua mtu atasema hii ni hesabu ya dukani, na fadhila si biashara. Ni kweli, na Madam mwenyewe hajawahi kuhesabu. Nilipomtajia ile 204 aliniambia nimekosa kazi. Nahesabu kwa ajili yangu mimi. Namba inanizuia nisiseme maneno makubwa. Nikijisikia kuanza kuzungumzia mchango wangu kwa maendeleo ya elimu barani Afrika, najikumbusha 150, ninanyamaza.

Wala sisemi kwamba kila aliyebaki ng'ambo ni mkosaji. Kuna aliyebaki kule na anawalipia ada wadogo zake watano, na kuna aliyerudi akakaa ofisini akisubiri posho. Tumezoea kusema mwacha asili ni mtumwa, kana kwamba asili ni ardhi tu. Nadhani asili ya mtu ni pamoja na wale waliompisha. Unaweza kuwaacha ukiwa Lushoto penyewe. Mimi niliwaacha nikiwa ofisini, mita kumi kutoka kwa Madam, siku nilipoandika nilianzisha.

Sasa nina fomu nyingine mbele yangu, ya shahada ya uzamivu, nje tena. Sheria ya siku 730 hainizuii kurudi kama mwanafunzi. Kuna swali linalotaka nieleze mradi niliouongoza. Nimeandika kwamba nilisaidia klabu ya kusoma iliyoanzishwa na mwalimu mwenzangu, na kwamba bado anaiongoza. Mhadhiri aliyenisomea rasimu amezungushia mstari sentensi hiyo na kuandika pembeni kwamba najishusha. Huenda ana haki, na huenda nikakosa nafasi kwa ajili yake. Sijaibadilisha.

Madam ana mitihani mingine mwezi wa sita. Ameshaniuliza kama nitakuwa na nafasi. Kwa hesabu yangu, zile siku za viza zitakuwa zimekwisha wiki chache kabla. Nimemwambia nitakuwepo.